MJADALA: Anayechora mahame anawaenzi waliohama, au anachuma kwenye msiba wao?

Wadau, naomba tulijadili hili. Wachoraji wa uhalisia wa Marekani wanayapenda mno mahame ya miji midogo: nyumba ya mbao iliyobanduka rangi, pazia limechanika, majani yamefika dirishani. Wapo wanaosema hiyo ni heshima kwa waliohama. Wengine wanaona ni kuchuma kwenye msiba wa watu. Mimi niko na hawa wa pili, ila si kwa kila mchoraji.

Mchukueni Andrew Wyeth. Alianza kuingia nyumba ya akina Olson, kule Cushing, Maine, mwaka 1939, akaendelea kwa karibu miaka 30. Nyumba ilikuwa ikichakaa wenyewe wakiwa ndani: Christina, ambaye miguu ilimkataa akawa anatambaa, na nduguye Alvaro. Mwaka 1947 Wyeth alifungua dirisha la chumba cha juu, upepo wa bahari ukainua pazia kuukuu, akalichora. Mwaka uliofuata akamchora Christina nyasini, ameielekea nyumba yake. Hata hapo pana doa. Christina alikuwa na miaka 55, lakini mwili tunaouona ni wa kijana, maana aliyekaa achorwe ni Betsy, mke wa Wyeth. Hilo linanisumbua mpaka leo. Lakini Wyeth alikuwa mtu wa nyumbani pale, na waliochorwa walimjua.

Sasa twendeni Cairo, Illinois, pale mto Ohio unapoingia Mississippi. Mwaka 1920 mji ulikuwa na wakazi zaidi ya 15,000. Sensa ya 2020 ilikuta kama 1,700. Chora nyumba moja tupu pale, jua la jioni likipiga ukuta, utapata picha nzuri kupita kiasi. Lakini watu wa Cairo hawakuondolewa na jua. Biashara ya mtoni na ya reli iliwapita, kweli. Ila mwaka 1969 wakazi weusi waligomea maduka ya wazungu yaliyokataa kuwaajiri. Wenye maduka hawakulegea, na mengi yakafungwa. Mwaka 2017 serikali kuu ikatangaza kubomoa nyumba za umma za Elmwood na McBride, familia zikatakiwa zitafute pa kwenda.

Hayo hayamo kwenye dirisha lililovunjika. Mtazamaji anaona ukiwa, anahuzunika kidogo, anadhani ni miaka tu imepita. Hapo ndipo ninapokasirika: picha inausingizia wakati mambo yaliyofanywa na watu.

Najua nitajibiwa kwamba mchoraji si mwandishi wa habari, na bila yeye nyumba ingeanguka pasipo wa kuikumbuka. Hoja hiyo ina uzito. Nyumba ya akina Olson imetunzwa kwa sababu ya picha zile, na leo ni mali ya makumbusho ya Farnsworth. Lakini Cairo bado kuna watu wanaolala jirani na mahame hayo. Anayeegesha gari, akapiga picha mbili tatu na kurudi studio kuzichora, angeanza kwa kupiga hodi kwa jirani, aulize nani alikaa pale na kilichomwondoa ni nini. Kisha jina hilo aliweke kwenye kichwa cha picha.

Anayeona nadai makubwa aje na hoja. Hasa ninyi mliosomea sanaa: jina la familia likiandikwa pale, picha inapungukiwa na nini?