Soya: kuna njia fupi ya kuingiza jeni?

Swali
Wakuu, kwa njia ya nusu-mbegu (mbegu inapasuliwa, kila nusu inaingizwa jeni na kuchipuzwa) vipande vinageuka kahawia siku ya tatu ya kukaa na Agrobakteria (bakteria wanaopeleka jeni kwenye mmea). Chipukizi chache zinazopona, ukizipaka glufosineti (dawa ya kuua magugu) kwenye jani zinaungua. Jeni ya uchaguzi ni *bar*, inayokinga mmea dhidi ya dawa hiyo. Kuna hatua ninazoweza kuziruka?

Jibu 1
Ukahawia ni soya inajihami kwenye kidonda. Midia (lishe ya kuoteshea vipande) ya siku hizo iwe na L-sisteini 400 mg kwa lita, pamoja na DTT na thiosulfeti ya sodiamu, 1 mM kila moja, zote za kupunguza ukahawia. Zichuje kuondoa vijidudu, uziongeze midia ikishatoka kwenye otoklevu (chombo cha mvuke cha kuua vijidudu) na kupoa, zisichemshwe nayo. Asetosiringoni (kemikali ya kuwaamsha bakteria wapeleke jeni) 200 µM, pH 5.4, giza, nyuzijoto 23. Joto likikaribia 30, T-DNA (kipande cha DNA chenye jeni) haihami vizuri hata kama bakteria wamenawiri.

Jibu 2
Zinazoungua hazikupata jeni, zimekwepa tu dawa. Kagua upasuaji wako: mbegu iloweshwe usiku kucha, ipasuliwe katikati kufuata kovu lake, kisha mhimili wa kiinitete ukatwe. Ukibaki mkubwa, unatoa chipukizi nene zinazozifunika nyingine. Kifundo (pale jani la mbegu linapoungana na mhimili) ukikikwaruza, iwe juu juu. Seli unazozitaka ziko hapo, ukichimba umeziua. Siku 14 za kwanza bila glufosineti, kata chipukizi ndefu, halafu anza 6 mg kwa lita.

Jibu 3
Swali la msingi: unahitaji mbegu, au unataka tu kuona jeni inafanya nini? Kama ni mzizi, achana na midia zote hizo. Chukua *Agrobacterium rhizogenes* K599, aina ya bakteria inayootesha mizizi yenye jeni. Mche wa siku 5 au 6 ukate mshazari kwenye shina chini ya kotiledoni (majani ya mbegu), kidonda ukipake bakteria waliokwanguliwa kwenye sahani, panda kwenye vemikulaiti (madini mepesi ya kuoteshea) iliyoloweshwa na ufunike unyevu usitoke. Ndani ya wiki mbili hivi mizizi-nywele (mizizi inayosababishwa na bakteria hao) inatoka. Weka GFP (jeni ya kung'aa kijani) kwenye plasmidi (duara la DNA linalobeba jeni yako), kwani si kila mzizi unabeba jeni.

Muuliza swali
Nahitaji mbegu, ni jeni ya kustahimili ukame.

Jibu 3
Basi K599 itumie kuchuja tu: jeni ambayo kazi yake haionekani mzizini usiihangaikie kwa miezi ya nusu-mbegu. Na mmea wa T0 (wa kwanza kutoka kwenye midia) usiuamini kwa jani moja, huweza kuwa mchanganyiko wa tishu zenye jeni na zisizo nayo. Panda T1 (mbegu za mmea huo), jeni ikiwa imekaa mahali pamoja, utaona 3:1, yaani mitatu yenye jeni kwa mmoja usio nayo.