Waingereza na samaki wao baada ya Brexit: walipata nini hasa, na sisi bahari kuu tudai nini?

Kaskazi_Wete

Asalaam alaykum. Kila inapozuka habari ya bahari kuu, hapa visiwani hakosi mtu wa kusema tufanye kama Waingereza: wageni watoke, samaki wabaki wetu. Naomba wenye kuijua hesabu wanieleze. Walipojitoa Umoja wa Ulaya waliongeza samaki kiasi gani, kwa takwimu na si kwa kauli za majukwaani? Na kwa nini uvuvi, ambao kwao haufiki mbali na asilimia 0.1 ya uchumi, ulikaribia kuvunja mkataba mzima wa biashara? Halafu kama kuna linalotuhusu sisi, mliseme.

MaalimMizani

Waalaykum salaam. Kwanza, wageni hawakutoka.

Mkataba wa Biashara na Ushirikiano ulifikiwa tarehe 24 Desemba 2020, wiki moja kabla ya kipindi cha mpito kwisha, na samaki walikuwa miongoni mwa mafundo ya mwisho kufunguliwa. Walichokubaliana: katika thamani ya samaki ambao vyombo vya Ulaya vilikuwa na haki ya kuvua kwenye maji ya Uingereza, asilimia 25 ihamie kwa Waingereza. Haikuhamia kwa mkupuo. Asilimia 15 ilihamia mwaka 2021, iliyobaki ikasogezwa kidogo kidogo hadi 2025. Vyombo vya Ulaya navyo vikahakikishiwa kuingia mpaka tarehe 30 Juni 2026, na Mei 2025 muda huo ukaongezwa hadi 30 Juni 2038.

Robo hiyo haikukatwa sawa kwa kila samaki. Meli kubwa za Scotland zinazovua makreli na heringi zilinufaika. Wenye mashua ndogo wa kusini mwa England walipata makombo. Kabla ya hapo, katika cod, samaki mweupe wa chipsi, anayevuliwa mlango wa bahari kati ya England na Ufaransa, mgao wa Uingereza ulikuwa kama asilimia 9 na wa Ufaransa kama 84. Ukishaona tofauti hiyo utaelewa hasira yao.

Ilitoka wapi? Kanuni ya mwaka 1983 iligawa samaki kwa kuangalia nani alivua kiasi gani miaka ya 1973 hadi 1978. Meli nyingi za Waingereza zilikuwa zimezoea kwenda mbali, hasa Iceland, kwa hiyo rekodi yao ya nyumbani ilikuwa ndogo. Iceland ikajitangazia maili 200 za bahari mwaka 1975, Waingereza wakafukuzwa kule, na nyumbani mgao ukaja kupangwa kwa rekodi hiyo ya zamani. Kwenye mazungumzo ya Brexit Uingereza ikasema: tugawane kwa kuangalia samaki anaishi maji ya nani. Ulaya ikajibu: tugawane kwa kuangalia nani amekuwa akivua. Mabishano yote yalizunguka hapo.

Jambo jingine majukwaani halisemwi. Uchunguzi wa BBC ulionesha kuwa zaidi ya nusu ya thamani ya mgao wa England mwaka 2019 ilikuwa mikononi mwa meli za kampuni za Uholanzi, Uhispania na Iceland zinazopeperusha bendera ya Uingereza. Mgao uliuzwa na wenyewe, kihalali. Brexit haikuurudisha hata kilo.

BiForodha

Maalim kasema ya majini, mimi niongeze ya sokoni, maana huko ndiko walikobanwa. Sehemu kubwa ya samaki wanaovua Waingereza huuzwa nje, na mnunuzi mkuu ni Umoja wa Ulaya. Wanaowala wao wenyewe, wengi huagizwa. Sasa utamfungia bahari mtu ambaye ndiye mteja wako?

Ulaya ililijua hilo, ikaufunga uvuvi na biashara kwa kamba moja. Mkataba unaruhusu upande mmoja kujitoa kwenye sehemu ya uvuvi, lakini ukijitoa, sehemu ya biashara nayo inakufa baada ya miezi tisa. Uingereza ikipunguza ruhusa ya kuingia, Ulaya inaweza kurudisha ushuru kwa kiasi kinacholingana na hasara. Hapo ndipo penye jibu la swali lako la asilimia 0.1.

Na ushuru sifuri si sawa na mpaka wazi. Januari 2021 kila shehena ilianza kudaiwa cheti cha afya, hati ya uvuvi inayotaja chombo kilichovua, na tamko la forodha. Lori moja likibeba mizigo ya wauzaji kumi, kosa kwenye karatasi ya mmoja linasimamisha lote, na kamba walio hai hawasubiri. Tarehe 18 mwezi huo madereva walileta malori mpaka karibu na ofisi ya Waziri Mkuu kulalamika.

Walioumia zaidi ni wauza kome na chaza hai. Wanaotoka kwenye maji ya daraja la B, yaani yasiyo safi vya kutosha kuwala bila kuwasafisha, walikuwa wakipelekwa Ulaya wakiwa hai na kusafishwa kule. Uingereza ilipokuwa nchi ya nje, sheria ikataka wasafishwe kwanza kabla ya kuvuka, yaani kukaa kwenye matangi ya maji safi, kwa kawaida saa 42. Wengi hawakuwa na matangi hayo. Ndiyo maana Mei 2025 walipokubali kuongeza miaka 12 ya wageni kuvua, walichokitafuta upande wa pili ni makubaliano ya afya ya vyakula yatakayopunguza vyeti hivyo.

Kaskazi_Wete

Ahsanteni. Kwa hiyo mashua za Kifaransa bado zinaingia karibu na pwani?

MaalimMizani

Baadhi, kati ya maili 6 na 12, upande wa kusini tu. Sharti: chombo kithibitishe kuwa kilivua hapo angalau miaka minne kati ya 2012 na 2016. Ni kama dago, kambi ya wavuvi, la Wapemba: anayekuja kila msimu anajulikana na kamati ya shehia, mgeni wa jana anaulizwa katokea wapi. Tatizo ni ushahidi. Mashua za chini ya mita 12 nyingi hazikuwa na chombo cha kufuatiliwa kwa setilaiti, hivyo wenyewe walivua lakini hawakuwa na la kuonesha. Huko Jersey, kisiwa cha himaya ya Uingereza karibu na Ufaransa, mvutano wa ushahidi na masharti ya leseni ulileta mashua kama 60 za Kifaransa mbele ya bandari ya St Helier tarehe 6 Mei 2021, na Uingereza ikapeleka meli mbili za kivita.

Nahodha_Kojani

Nije kwetu. Uvuvi ndani ya maili 12 unasimamiwa na Serikali ya Mapinduzi. Kuanzia hapo hadi maili 200 ni Mamlaka ya Uvuvi wa Bahari Kuu, chombo cha pande mbili za Muungano chenye makao yake hapa Zanzibar. Samaki wa huko ni jodari, nduaro na jamaa zao, nao hawakai. Leo yuko kwetu, baadaye yuko Comoro au Shelisheli. Ukizidisha bei, meli inamsubiri kwa jirani. Tuliwahi kuweka mrabaha wa dola 0.4 kwa kila kilo, meli zikapungua, na baadaye ukaondolewa. Kwa hiyo "watoke" tumeshaijaribu kwa njia ya bei.

Lakini ile hoja ya Waingereza, samaki ahesabiwe kwa maji na si kwa meli, ni yetu pia. Kwenye Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, nchi za pwani zinataka jodari aliyevuliwa ndani ya maili 200 zao aandikwe kwenye rekodi ya nchi ya pwani. Wenye meli kubwa, Ulaya ikiwemo, wanataka aandikwe kwenye rekodi ya bendera ya meli. Kanuni ikipita ya bendera, mgao wetu utahesabiwa kwa rekodi ya miaka tuliyokuwa hatuna meli, sawasawa na yaliyowakuta Waingereza mwaka 1983.

Basi la kudai kwenye leseni ni taarifa kwanza: logi ya kila siku inayotaja mahali pa kuvua, mfumo wa setilaiti usiozimwa, mwangalizi wetu melini. Bila hizo huna cha kuweka mezani siku ya kugawana. Baada ya hapo zungumza pesa, na usikubali ada ya mwaka peke yake. Mkataba wa Shelisheli na Ulaya wa 2020–2026 ulikuwa euro milioni 5.3 kwa mwaka, 2.8 zikiwa za kuendeleza uvuvi wao, na juu yake wenye meli hulipa kwa tani. Wao pia wana bandari ya Victoria ya kushushia na kiwanda cha kusindika. Sisi tukiwa hatuna pa kushushia, sharti la "shusheni hapa" litabaki kwenye karatasi.

Kaskazi_Wete

Na pweza? Kuna wanunuzi wanasema sasa Uingereza na Ulaya ni milango miwili.

BiForodha

Ni kweli, na karatasi ni mbili. Ushuru si tatizo: Tanzania kama nchi yenye maendeleo duni inaingiza bila ushuru Ulaya, na Uingereza pia kupitia mpango wake ulioanza Juni 2023. Kenya haimo kwenye kundi hilo, ndiyo maana ililazimika kusaini mkataba wake na Uingereza Desemba 2020. Sisi tulikataa ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na Ulaya mwaka 2016, na Brexit ilikuwa moja ya sababu zilizotajwa.

Kwa Ulaya, shehena inayozidi euro 6,000 inahitaji muuzaji awe amesajiliwa kwenye mfumo wao wa wauzaji nje na aandike namba yake kwenye tamko la asili. Uingereza haitumii mfumo huo. Inapokea Fomu A, yaani cheti cha asili ya bidhaa, au tamko kwenye ankara. Hati ya uvuvi wanadai wote wawili. Kwa vyombo vya chini ya mita 12 visivyokokota nyavu ipo hati rahisi inayojumuisha vyombo vingi, lakini lazima jina la kila chombo na uzito wa pweza wake viandikwe pale pale dikoni. Ukingoja kiwanda kikuandikie baada ya pweza wa madiko matatu kuchanganywa, huwezi tena kuthibitisha nani kavua nini, na mzigo unarudi. Pweza wa chini ya gramu 500 usimchanganye kabisa, huyo ni kosa hapa hapa nyumbani kabla hajafika forodha ya mtu.