Wakuu msaada, saiti yangu ya miche inarusha wateja kwenye kubeti, nahisi ni plagini

Miche_Tukuyu: Habari za humu wakuu. Nauza miche ya parachichi aina ya Hass hapa Tukuyu, saiti yangu imejengwa kwa WordPress (programu ya kutengenezea saiti) na wateja wa Njombe na Mufindi wengi wananipata kwa kusachi Google. Sasa wananipigia wanasema wakibonyeza tu wanatupwa kwenye kurasa za kubeti, mimi nikifungua naona iko vizuri kabisa. Kijana aliyenitengenezea aliweka lundo la plagini, yaani vile vinyongeza vya WordPress, nyingine hata kazi yake siijui, na hiyo ya kujengea kurasa inauzwa kwa dola ila yeye alisema kaipata bure. Nibaki na ipi nitoe ipi? Mvua zinakaribia na huu ndio muda wa oda.

Fundi_Mafiati: Pole sana dada. Wewe huoni kwa sababu vitu hivi vingi vinategwa vimkwepe admini, anarushwa mgeni tu anayetokea Google, tena anayetumia simu. Chukua simu ya mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye saiti yako, sachi halafu bonyeza, utaona. Mimi naanza kuishuku hiyo ya dola iliyopatikana bure. Mtu akraki plagini ya watu aigawe bure anafaidika na nini? Mara nyingi kaacha mlango wa siri humo ndani, na hata kama hajaacha, apdeti za mwenyewe hazikufikii kwa hiyo tundu likigundulika wewe unabaki nalo. Ifute kabisa, kuizima hakutoshi maana faili zinabaki kwenye seva. Mfano wa tundu, plagini ya WP File Manager mwaka 2020 ilikuwa na faili moja ambayo mtu yeyote aliifikia bila paswedi na kupandisha anachotaka, na ilikuwa kwenye saiti zaidi ya laki 7.

Kihesa_Weba: Kamwene dada. Naongezea hapo kwa mkuu, hata ya kwenye duka rasmi la WordPress usiiamini kwa macho. Plagini ya Display Widgets ilikuwa ya heshima tu, ipo kwenye saiti kama laki 2, mwaka 2017 mwenyewe akaiuza na aliyeinunua akachomeka kitu cha kuweka kurasa za spamu kwenye saiti za watu ambazo aliyeingia kama admini hazioni, yaani kama yako hii. Kwa hiyo kabla hujaweka angalia apdeti ya mwisho ni lini, imejaribiwa na toleo gani la WordPress, na watu wakiuliza maswali mwenyewe anajibu au kanyamaza. Ikiwa imefungwa dukani, itoe hata kama kwako inafanya kazi. Kuhusu wingi, plagini 20 zinazotunzwa hazinitishi kama moja iliyotelekezwa.

Miche_Tukuyu: Asanteni sana. Nimeifuta ile ya kukraki na zingine nisizozijua, mteja wa Makambako kajaribu, bado anarushwa 😔

Fundi_Mafiati: Ndio shida yake, plagini unaitoa ila ilichoacha kinabaki. Kwanza pakua bakapu ya faili na database uiweke kwenye kompyuta yako. Kisha ingia Users uangalie kama kuna admini usiyemjua, halafu kwenye cPanel (paneli ya hosti unakosimamia saiti) fungua folda ya wp-content/uploads, humo zinakaa picha, ukikuta faili za .php, yaani za kodi, zitilie shaka. Angalia na folda ya mu-plugins, plagini zilizomo humo huwezi kuzizima kwa kitufe kama zingine.

Miche_Tukuyu: Yupo admini simjui kabisa!! Na uploads kuna faili za php zina majina ya ajabu ajabu.

Kihesa_Weba: Mfute huyo na hizo faili, ila usiishie hapo. Weka upya WordPress yenyewe na kila plagini unayobaki nayo, zote kutoka dukani, na kama hosti wako ana bakapu ya kabla ya haya kuanza mwombe airudishe, ndio njia fupi. Badilisha paswedi ya hosti, ya database na ya kila admini, na huyo kijana usimwachie akaunti. Google wakiwa wameshaiwekea onyo, ukimaliza kusafisha ingia Search Console (huduma ya Google kwa wenye saiti) uombe waikague upya. Ukikwama kwenye cPanel andika hapa hapa dada, usimpe mtu paswedi inboksi.