Kupunguza uzito wa triga ya raifo ya bolti: kuzungusha skrubu, kumpa fundi au kubadili triga nzima?

MwanaUrambo (Tabora)
Wakuu salama? Nina Remington 700 ya 30-06, marehemu baba mdogo ndo alikuwa nayo tangu miaka ya 70, leseni ishakuja kwangu kihalali. Mtutu mzuri, lenzi nimefunga mpya, ila triga ni nzito mno afu inakwaruza kabla ya kuachia. Msimu uliopita nilikosa kongoni kwa mita kama 120 nikiwa nimeegemea mti kabisa, risasi ikaenda chini kulia, na kwenye karatasi nikipiga bila kuegemea ni hivo hivo. Nimeona ina skrubu tatu kwenye nyumba ya triga. Naona njia tatu: nizungushe mwenyewe, nimpelekee fundi, au nitafute triga mpya ya kampuni nyingine kama Timney. Mnanishauri ipi? Sitaki kuua mtu kwa ajili ya kongoni.

Nguruka77
Kwanza kaka pima, usiseme nzito kwa kidole. Huna mizani ya triga? Mi natumia kidumu cha lita 3. Hakikisha bunduki ni tupu, angalia chemba kwa macho na ingiza kidole, risasi zote ziwe chumba kingine kabisa sio mfukoni. Koki, yaani vuta bolti (kile chuma chenye mkono kinachofunga chemba) nyuma uirudishe, simamisha mtutu juu wima, funga kamba kwenye kidumu na uipitishe katikati ya ulimi wa triga, sefti (kizuizi cha usalama) ikiwa imetoka, afu mwenzio amimine maji taratibu mpaka isikike tak. Lita moja ya maji ni kilo moja, jumlisha na uzito wa kidumu. Rudia hata mara tano maana mara moja inadanganya. Kwa porini ukiwa kati ya kilo 1.5 na 2 uko vizuri, chini ya kilo 1 waachie wapiga shabaha wa kwenye benchi, wewe unatembea kwenye majani na vidole vimechoka.

MwanaUrambo
Nimepima sasa hivi na dogo langu, mara tano. Ndogo kilo 2.9, kubwa kilo 3.4. Kwa io hata yenyewe haitulii sehemu moja.

mzee_wa_miombo (Sikonge)
Hiyo tofauti ya nusu kilo ndo inayonitisha mimi kuliko hizo kilo tatu. Triga safi inatofautiana kidogo tu. Yako ina uchafu ndani au kuna kitu kinagusa. Kabla hujashika bisibisi fanya mambo mawili. Moja, toa kitako, angalia kama mbao imevimba ikawa inabana nyumba ya triga, huku kwetu bunduki ikikaa masika nzima kwenye kona ya nyumba ya udongo mbao inakunywa maji, niliwahi kuhangaika na triga miezi miwili kumbe tatizo ni mbao. Pili, mafuta ya zamani. Watu wanapulizia mafuta ya kutu ndani ya triga kila mwaka, yanaganda yanakuwa kama gundi, afu vumbi la Agosti linaingia humo. Osha kwa petroli nyepesi ile ya kujazia viberiti, nje kwenye hewa mbali na moto, iache ikauke, usirudishie mafuta mengi. Mara nyingi ukimaliza hapo utakuta nusu ya tatizo limekwisha bila kugusa skrubu hata moja.

Kasulu_Juu
Shikamoo mzee, umenena. Ila mi nataka nimueleze mwenzetu hizo skrubu ni za nini, maana watu wanazungusha tu. Kwenye triga ya zamani ya Remington, ile ya Walker, mbele chini ni ya springi, ndo inayobeba uzito. Mbele juu ni ya kikomo, inazuia ulimi usiendelee kurudi baada ya kufyatua. Ya nyuma ni ya mshikano, yaani kiasi gani chuma kinakamata kile kinachozuia pini isiruke. Hiyo ya nyuma ndo muuaji. Ukiipunguza unasikia triga tamu kweli, haikwaruzi, unafurahi, kumbe chuma kimeshikana kwa unywele tu, ukifunga bolti kwa nguvu au ukiangusha kitako chini inajifyatua yenyewe.

Nayasema kwa sababu nilifanya. Sio hiyo aina, ilikuwa raifo nyingine, nilikuwa kijana najiona fundi. Nilizungusha robo, nikaona haitoshi, nikaongeza robo. Nikaijaribu tupu ikawa sawa. Kesho yake nikaenda kulenga, nikaweka risasi ya kwanza, kusukuma tu bolti mbele na kushusha mkono ikalia. Kidole kilikuwa hakipo hata karibu na triga. Mtutu ulikuwa unaangalia kichuguu, baba yangu alinifundisha hivo toka nikiwa mdogo kwamba ukipakia angalia kichuguu, na mdogo wangu alikuwa amekaa kushoto kwangu hatua mbili. Mpaka leo nikimuona nakumbuka.

BintiKaliua
Pole sana kaka Kasulu. Mimi naomba kuuliza, hizi raifo mpya je? Mume wangu ana Tikka T3 na mi ndo naenda kulenga nayo, tuliambiwa ya kwake mtu anaruhusiwa kurekebisha mwenyewe.

Nguruka77
Ndio dada, hiyo ni tofauti kabisa. Tikka T3 skrubu ya uzito unaifikia kwa funguo ya L ukishatoa magazini, na kiwanda kimeiwekea mpaka, kilo 1 hadi 2. Mshikano hauugusi kabisa. Savage nao wana AccuTrigger tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ina ka-ulimi kembamba katikati ya triga, usipokabonyeza chuma hakiachii. Hizo mbili rekebisha mwenyewe kwa kufuata kitabu chake ila jaribu baada ya hapo. Usilinganishe na chuma cha miaka ya 70.

fundi_chuma_tbr
Wakuu niongezee kwenye hiyo Walker. Ndani yake kuna kipande kidogo kinachoelea kati ya ulimi na kile chuma cha kushika, hakijafungwa na chochote, kila ukifyatua kinaachana na ulimi afu kinarudi. Uchafu ukikaa hapo katikati kinarudi nusu. Ndo maana usafi kwenye hiyo triga ni uhai. Na mpya yake, X-Mark Pro, nayo kiwanda kiliita zirudishwe mwaka 2014, zile zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 mpaka Aprili 2014, kwa sababu ya gundi ya kuziba skrubu iliyozidi. Kwa io usifikirie mpya ni salama kwa sababu ni mpya.

Jambo lingine, 700 za kabla ya 1982 sefti yake inafunga bolti, maana yake ukitaka kutoa risasi lazima kwanza utoe sefti. Hapo ndo watu wanaumia. MwanaUrambo hakikisha kila unapotoa risasi mtutu uko sehemu ambayo hata ikilia hakuna kitu.

Kuhusu kusugua kwa msasa au jiwe, na kukata springi, usithubutu. Ngozi ngumu ya vile vyuma ni nyembamba mno, ukiitoa chini yake ni laini, baada ya risasi kadhaa kona inalika na mshikano unapotea.

Uvinza_Chumvi
Sasa tumpe jibu jamaa, maana ameuliza ipi kati ya tatu.

mzee_wa_miombo
Mwanangu, mimi ningeenda hivi. Safisha, pima tena. Ikishuka ikatulia kwenye kilo 2 na kidogo, iache, nenda ukapige kavu kila jioni kwa risasi bandia wiki tatu, utashangaa. Ikibaki nzito, skrubu ya springi tu, robo mzunguko, pima, jaribu, usishuke chini ya kilo 1.6. Majaribio ni haya na bunduki ni tupu: koki, funga bolti kwa nguvu mara ishirini. Koki, gonga kitako na pembeni kwa nyundo ya mpira. Koki, weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, afu toa sefti. Ikifyatuka hata mara moja katika hizo, hiyo bunduki haiendi porini.

Triga mpya nzima ni nzuri kuliko zote kwa hiyo 700 yako, mimi siwezi kubisha, ila bei na kuagiza kutoka nje ni safari, na uulize polisi kwanza kabla hujalipia kitu. Fundi awe na leseni, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haimtambui yule wa kuchomelea mageti.

MwanaUrambo
Asanteni sana wakuu, shikamoo mzee. Nimefungua kitako leo mchana. Mbao haigusi popote. Ndani kulikuwa na utandu wa njano, nimeosha mara mbili, nimepima imeshuka kilo 2.6 na sasa inatulia. Ila nimeona kitu kingine. Skrubu ya mbele chini laki yake ya kiwandani, ile rangi ya kuiziba isizunguke, ipo nzima. Ya nyuma laki imepasuka na mdomo wa skrubu una alama za bisibisi. Baba mdogo au mtu mwingine alishaigusa huko nyuma.

Kasulu_Juu
Usiguse tena kaka. Ulifanya yale majaribio ya mzee?

MwanaUrambo
Nimefanya. Bolti mara ishirini haikulia. Sefti sawa. Nyundo ya mpira, pigo la tatu kwenye kitako, tak, ikajifyatua.

fundi_chuma_tbr
Toa bolti uifungie kabati tofauti, hiyo bunduki isipakiwe tena. Njoo inbox nikuelekeze kwa mwenye leseni hapa mjini, na hapo sasa sio suala la kupunguza uzito, ni triga nzima inatoka.

MwanaUrambo
Bolti ishatoka, iko kwa mama. Jumatatu naanzia polisi kuuliza kibali cha triga, msimu huu kongoni wapumzike.