Wakuu naombeni ushauri, nataka kuanzisha siku ya kupika ofisini

Habari za muda huu wakuu. Niko utawala kwenye kaofisi kamoja huku Ilala, lanchi yetu kila siku ni chipsi mayai au wali mafuta yanaelea, na soda baridi ya kushushia, na kuna wenzangu presha na sukari zishawapigia hodi. Bosi kakubali Ijumaa tupike wenyewe, jiko la gesi lipo, ila wengine wananuna eti tunataka kuwapangia cha kula. Naanzaje bila kuonekana kero?

mchuzi_mzito: Usilete mtu wa kuwahubiria, utawapoteza. Kila wiki apike mtu wa kabila lingine, Mpare na makande yake, Mhaya na ndizi maharage, Msukuma na michembe, ule ubishi wa nani anajua kupika utawaleta jikoni wenyewe.

Mama Kunde: Mwanangu, maharage na mahindi loweka Alhamisi jioni, asubuhi mwaga hayo maji, yataiva haraka na gesi haitaisha. Mafuta pima kwa kijiko, mambo ya kumimina kutoka kwenye dumu acha kabisa, kitunguu nyanya karoti na hoho vikaange moto mdogo vitoe maji yao. Na kikopo cha chumvi kisikae mezani, WHO wanasema mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai tu, na hapo ni pamoja na ya kwenye mkate.

jobless_mwenye_tai: Vyombo anaosha nani? Maana mkiwaachia akina dada wapike na waoshe, hiyo kitu haimalizi mwezi. Wanaume wachambue mchicha, bosi apewe sufuria lenye ukoko 😂

mchuzi_mzito: @jobless umemaliza. Halafu mama ntilie wa hapo nje msimkate riziki, Ijumaa mlipeni aje awaongoze, siku zingine mwambieni apunguze mafuta aongeze mboga, mteja akitaka atapika.

Mleta uzi: Nimewapata wakuu, tunaanza na makande. Soda nipige marufuku?

Mama Kunde: Thubutu, utawafanya wanywee chooni. Weka maji baridi yenye ndimu, pembeni glasi ya sukari vijiko vya chai nane, hiyo ndo karibu na iliyomo kwenye soda moja ya mililita 350. Wataiona tu.

jobless_mwenye_tai: Mi soda yangu siachi, ila makande nakuja. Ilala ipi hiyo, Boma au Sharifu Shamba?