Naomba ushauri: Dar hadi Cape Town kwa baiskeli, siku ya kwanza nipite wapi?

Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao naanza safari ya baiskeli kutoka Dar hadi Cape Town, kupitia Tunduma na Zambia. Huko mbele nitajua hukohuko. Kinachoninyima usingizi ni siku ya kwanza. Nataka nikalale Chalinze, zaidi ya kilomita 100, na mizigo juu. Tatizo ni Kibaha hadi Mlandizi: mabasi na malori yanakusukumia pembeni kama hauonekani. Niondoke saa kumi alfajiri na taa, au nizungukie Bagamoyo na Msata, japo ni mbali zaidi? Halafu maji, nibebe lita ngapi, au maduka ya njiani yanatosha? Madereva wa malori mliomo humu, nanyi semeni, maana ninyi ndio mtakaonikuta barabarani.