Mmetuacha na watoto kwenye fungu la Maziwe maji yanajaa, halafu mnaniambia "bahari ni bahari"?

Wakuu, salaam.

Nimekaa siku nne sijaandika, nikisubiri hasira ipoe. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Mimi ni mkazi wa Tanga mjini. Shule zimefunga, tukasema safari hii watoto wasiishie kuoga Raskazone, tuwapeleke Maziwe. Nina watatu, wa kwanza miaka 7, wa pili miaka 4, wa mwisho miezi 10. Tulikuwa na baba yao na wifi yangu. Tangazo la hao watu wa boti nililiona kwenye simu: mchanga mweupe, mwamvuli, meza ya matunda, na maneno "safari ya familia, watoto wadogo wanakaribishwa". Nikapiga, nikataja umri wa kila mtoto, nikaulizia laifu jaketi za watoto. Nikajibiwa, "Dada, vyote vipo, wewe njoo tu." Wakubwa elfu 45 kila mmoja, watoto nusu bei, mtoto mchanga bure. Jumla 180,000, nikatanguliza nusu.

Kwa wasioijua Maziwe, iko baharini mbele ya Pangani, kama kilomita 8 kutoka ufukwe wa Ushongo. Ni hifadhi tangu 1975. Kinaitwa kisiwa lakini hakina mti hata mmoja, hakina choo, hakina maji ya kunywa. Ni fungu la mchanga na matumbawe pembeni. Maji yakipwa linatoka, bamvua (yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) likijaa linazama lote.

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Pangani. Anaikumbuka Maziwe ikiwa na mivinje, na kasa wakipanda kutaga chini yake. Mawimbi yalikula mchanga, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilishaanguka. Siku hizi kasa wakitaga pale, mayai yanahamishiwa Ushongo, maana yakiachwa yanafunikwa na maji. Usiku wa kuamkia safari alitupigia: "Mwanangu, kesho siku ya pili tangu mwezi mpevu, hilo bamvua. Mkiondoka asubuhi sawa, maji yatakuwa yanapwa. Mchana msiende na watoto." Nikamwambia mama, tumeambiwa saa tatu asubuhi, usihofu.

Saa tatu tulikuwa Pangani, watoto wameshapakwa mafuta ya jua na kofia kichwani. Boti haipo. Saa nne haipo. Tunaambiwa iko njiani. Kumbe imepeleka wageni wengine waliolipa zaidi, na sisi tumekaa juu ya magunia, mtoto mchanga analia joto. Boti ikaja saa saba mchana. Tumeng'oa nanga saa saba na nusu.

Nikaomba laifu jaketi. Zilikuwa nne, watu sita bila kuhesabu nahodha na baharia wake, na zote za watu wazima. Moja kile kidude cha kufungia kimevunjika, imefungwa kwa kamba ya nailoni. Mtoto wangu wa miaka 4 nilipomvalisha, nikashika mabega ya lile jaketi nikalivuta juu kidogo tu, likapita masikioni na kumtoka lote, yeye amebaki amekaa pale pale. Sasa majini lingemshika wapi? Jaketi la mtoto lina mkanda unaopita katikati ya miguu, ndio unaolizuia lisichomoke kichwani. Nikamwuliza nahodha mkanda uko wapi. Akasema, "Mama, usiwe na wasiwasi, kila siku tunapeleka watu." Nikavua kanga yangu nikamfunga nayo, nikaipitisha mapajani, nikapiga fundo mara mbili.

Mtaniuliza kwa nini sikushuka. Nilitaka kushuka. Tukaambiwa pesa hairudi, na watoto wawili wakubwa wameshaanza kulia kwamba wanataka kisiwa. Na bado nasema, kazi ya kukataa kuondoka ilikuwa ya nahodha. Yeye ndiye anayejua saa za maji, hicho ndicho anachouza.

Tulifika kama saa nane na robo. Kusi linavuma, wimbi lilikuwa linatumwagikia tangu tulipotoka mlangoni mwa mto. Fungu lilikuwa bado kubwa, kusema kweli pazuri. Mwamvuli mmoja, meza hakuna, matunda hakuna. Wakatushusha, baharia akasema wanakwenda upande wa pili wa mwamba kuchukua watu wanaopiga mbizi, nusu saa wamerudi. WAKATUACHA. Watoto watatu, mwamvuli mmoja na simu isiyo na mtandao.

Nusu saa ikapita. Mkubwa wangu alikuwa amechimba shimo na kuzungushia kombe. Akaja kuniambia, "Mama, bahari imekuja kwenye nyumba yangu." Nikatazama, kweli. Tukahama na mikeka. Baada ya dakika kumi tukahama tena. Ilipofika saa tisa na nusu tumebaki na kipande ambacho ningekivuka kwa hatua ishirini. Baba watoto akachoma mti wa mwamvuli mchangani ukingoni mwa maji apime yanavyopanda, halafu akanyamaza. Wifi yangu akaanza kusoma dua kwa sauti. Yule wa miaka 4 akauliza kama tutalala hapo.

Boti ilirudi karibu saa kumi. Mimi maji yalikuwa magotini, mtoto mchanga nimemfunga mgongoni juu kabisa, baba yao amembeba mmoja mabegani na mwingine kifuani. Mikeka, viatu na kapu la chakula vilishachukuliwa na maji. Na yule nahodha akafika anacheka! Anasema, "Leo maji yamewahi." Maji hayakuwahi. Bamvua lina saa zake, bibi wa watu aliye nyumbani alizijua tangu jana yake.

Sasa nyie mnaojifahamu, naongea na nyie moja kwa moja. Yai la kasa linahamishwa pale lisizame. Wanangu mliwaacha. Watu wa pwani tulizika 2011 na tukazika tena 2012, meli mbili zilizozama, Spice Islander na Skagit, familia nzima nzima, halafu mtu anapakia mtoto wa miaka 4 na jaketi la mtu mzima la kufungia kamba? Nilipowapigia kudai pesa yangu mkaniambia, "Dada, bahari ni bahari, mbona mmerudi salama." Hiyo ndiyo sentensi inayoninyima usingizi mpaka leo.

Mtoto mchanga alipata homa usiku ule, tumemtibu, anaendelea vizuri. Wa miaka 4 hataki kuoga kwenye beseni, analilia aogeshwe kwa kopo.

Ninachotaka: 180,000 yangu irudi yote, na tangazo la "watoto wadogo wanakaribishwa" litoke mpaka mnunue jaketi za watoto. Namba ya ubavuni mwa boti ninayo, picha ya yale majaketi ninayo, na Jumatatu napeleka malalamiko kwa maandishi TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini.

Na wadau mliowahi kwenda Maziwe na watoto, naomba mniambie ni nahodha gani anaondoka asubuhi maji yakipwa, anabaki na wateja wake pale pale mpaka wanarudi, na ana jaketi za watoto. Niandikieni inboksi, kuna majirani wawili walikuwa wamepanga kwenda na watoto wao wiki ijayo nimewazuia.

Tangu juzi simu yao inaita haipokelewi.